Tiketi au ratiba? Namna ya kuchagua programu kwa ajili ya tukio lenu

Kila yanapokaribia makongamano, magrupu ya WhatsApp ya wanafunzi wa uzamili hurudia swali lilelile: jamani, safari hii tunasajili watu kwa kutumia nini? Mmoja anasema Google Forms inatosha. Mwingine anataja Eventbrite. Wa tatu ana rafiki yake aliyetengeneza mfumo wa tiketi, na wa nne anataka kamati inunue programu kubwa ya kupangia matukio kwa sababu "inafanya kila kitu". Baada ya meseji 80 watu wamechoka, na anayeongea sana ndiye anayeshinda.

Ubishi huu hauishi kwa sababu tunalinganisha vitu visivyofanya kazi moja. Ni kama kubishana kati ya sufuria na mzani, kipi ni bora jikoni. Programu ya kupangia tukio inashughulikia watu wachache wanaofahamiana, wanaoaminiana, lakini wanasahau. Jukwaa la kuuzia tiketi linashughulikia watu wengi wasiofahamiana, wanaogombea viti vyenye idadi maalumu, na baina yao kuna hela. Haya ni matatizo mawili tofauti, na kila moja lina sayansi yake.

Tuchukue mfano mmoja tuende nao: kongamano la siku moja, ukumbi wa viti 300, kiingilio shilingi 10,000.

Kazi zinazosubiriana

Bango la mlangoni haliwezi kuchapishwa bila nembo ya mfadhili. Mfadhili hatoi nembo kabla hajakubali kudhamini, na hakubali kabla hajapata barua yenye muhuri wa idara. Tuseme barua inachukua siku 10, jibu la mfadhili siku 14, na mchapaji siku 4. Hapo ni siku 28, upende usipende. Mpishi yeye anataka taarifa ya siku 7 tu. Sasa, mkianza siku 28 kabla ya tukio, barua ikichelewa siku moja, bango nalo linachelewa siku moja. Ukichelewa kumpigia mpishi siku moja hakuna kinachoharibika, maana una siku 21 za ziada mkononi.

Mnyororo mrefu kuliko yote wa kazi zinazosubiriana ndio unaoamua tukio litakuwa tayari lini. Hesabu ya kuutafuta ilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, na watu wa kampuni ya DuPont wakishirikiana na Remington Rand. Karibu wakati huohuo jeshi la majini la Marekani lilitengeneza njia inayofanana na hiyo kwa ajili ya mradi wa makombora ya Polaris. Ukifungua programu ya leo ya kupangia kazi, ukaona mistari ya rangi inayoonyesha kazi ipi inaanza baada ya ipi, unaangalia mjukuu wa hesabu hizo.

Lakini programu haijui kwamba barua inasubiri muhuri mpaka mtu aiambie. Hapo ndipo kamati nyingi zinaposhindwa, na wala hakuna malipo ya mwezi yanayoweza kutibu hilo. Kwa maoni yangu, kamati ya watu chini ya kumi inatoshwa na jedwali moja la pamoja mtandaoni lenye safu nne: kazi, nani, lini, na inasubiri nini. Hiyo ya nne ndiyo huwa tunaiacha. Kamati za harusi huku kwetu zimefanya kazi hii kwenye daftari kwa miaka mingi, na watu wamekula wakashiba.

Upande wa kupanga kwa kweli hauna zaidi ya hapo, mpaka tukio liwe la siku kadhaa lenye kumbi nyingi. Upande wa tiketi ndio wenye mambo.

Kiti kimoja, watu wawili

Saa 2 usiku kimebaki kiti kimoja, cha 300. Mtu wa Mbeya na mtu wa Morogoro wanabonyeza "nunua" kwa sekunde ileile. Mfumo unasoma kwa ajili ya wa Mbeya: vimeuzwa 299, nafasi ipo. Kabla haujaandika chochote, unasoma kwa ajili ya wa Morogoro: vimeuzwa 299, nafasi ipo. Kisha unaandika 300 kwa huyu, na 300 kwa yule. Wote wawili wamelipa, wote wana tiketi, na kiti ni kimoja. Kanzidata yenyewe haioni kosa lolote, maana kwake vimeuzwa viti 300 kamili.

Dawa yake ni kufanya kusoma na kuandika kuwe tendo moja lisilogawanyika. Anayeingia wa kwanza anafunga mlango nyuma yake, anamaliza, ndipo wa pili anaruhusiwa hata kuuliza. Jukwaa zuri la tiketi linafanya hivyo bila wewe kujua. Google Forms haina kitu hicho, kwani haikubuniwa kwa ajili ya kuuzia viti. Zipo nyongeza za kuifunga fomu idadi fulani ikifika, lakini hizo hufunga baada ya majibu kuingia, kwa hiyo watu kadhaa wanaweza kupenya pamoja dakika ya mwisho. Kwa semina ya bure si tatizo, unaongeza viti vya plastiki. Kwa mtu aliyelipa 10,000 na kupanda basi kutoka Morogoro, ni tatizo.

Pesa za simu zinaongeza utamu. Mnunuzi akichagua kulipa kwa simu, anapata ujumbe wa kuweka namba ya siri. Wakati anaitafuta miwani yake, mfumo umemshikia kiti. Umshikie kwa muda gani? Dakika 2 ni chache, na dakika 30 ni nyingi mno kama wengine wanasubiri. Na kuna hali mbaya zaidi: muda umekwisha, kiti kimeuzwa kwa mwingine, halafu uthibitisho wa malipo ya yule wa kwanza ndiyo unaingia. Sasa mna hela ya mtu asiye na kiti. Kabla hamjachagua jukwaa lolote, muulizeni mwenye nalo: ikitokea hivyo, hela inarudi yenyewe, au mnunuzi anaanza kupiga simu? Jibu lake litawaambia mengi kuliko picha nzuri za kwenye tovuti yake.

Hata wakubwa hulemewa. Tarehe 15 Novemba 2022, Ticketmaster ilipoanza mauzo ya awali ya ziara ya Taylor Swift nchini Marekani, iliuza tiketi zaidi ya milioni 2 kwa siku moja, na kwa maelezo yake yenyewe mifumo ilipokea maombi bilioni 3.5. Watu walikwama kwenye foleni ya mtandaoni kwa saa nyingi, na mauzo ya wazi yaliyopangwa tarehe 18 yakafutwa. Ile kufuli inayozuia kiti kuuzwa mara mbili huwalazimisha wanaogombea kiti kimoja kupita mmojammoja. Nyinyi hamna Taylor Swift, kwa hiyo msilipie uwezo huo.

Mlangoni, mtandao ukikatika

Alama ya QR ilibuniwa mwaka 1994 na kampuni ya Kijapani ya Denso Wave, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Ina hesabu za ndani za kurekebisha makosa, kiasi kwamba katika kiwango chake cha juu inaweza kusomeka hata kama karibu asilimia 30 yake imeharibika. Ndiyo maana tiketi iliyokunjwa mfukoni bado inasoma.

Watu wengi lakini wanadhani QR yenyewe ni ulinzi. Hapana. Ni maandishi tu ambayo kamera inaweza kuyasoma. Mara nyingi ndani yake mna namba ndefu isiyokisika, na ulinzi uko kwenye seva: je, namba hii ipo, na je, imeshatumika? Nikipiga picha ya skrini ya tiketi yangu nikawatumia marafiki watano, wote wana tiketi halali kama yangu. Atakayefika kwanza anaingia, na mimi mwenye mali nikifika naambiwa imeshatumika. Ticketmaster ilijibu hilo mwaka 2019 kwa alama inayobadilika kila sekunde 15 kwenye simu, ili picha ya skrini iwe imepitwa na wakati kabla haijafika kwa mwenzako. Kwa kongamano letu hiyo ni kutumia nyundo kuua mbu.

Tatizo letu la kweli ni lingine. Ukumbi una milango miwili, kila mmoja una kijana mwenye simu ya kuskani. Watu 300 wakijaa sehemu moja wote wakiwa na bando, mtandao unaweza kulemewa, na simu za mlangoni zikashindwa kuwasiliana na seva. Mfumo una njia mbili tu. Ya kwanza ni kukataa kumwingiza yeyote mpaka mtandao urudi, hapo hakuna tiketi itakayotumika mara mbili, lakini foleni inafika barabarani. Ya pili ni kila simu kutumia orodha iliyohifadhiwa ndani yake, hapo watu wanaingia, lakini tiketi moja inaweza kupita mlango A na nakala yake ikapita mlango B, kwa sababu milango haizungumzi.

Huu si uzembe wa waandishi wa programu. Ni mpaka wa kihesabu. Mwaka 2000 Eric Brewer wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alidai kwamba mfumo uliogawanyika sehemu mbalimbali, mawasiliano yakikatika kati ya sehemu zake, lazima uache kimoja: ama usahihi wa pamoja, ama kuendelea kuhudumia. Mwaka 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch wa MIT wakalithibitisha dai hilo kihisabati. Hakuna pesa inayoweza kununua vyote viwili. Muuzaji akikuahidi kwamba programu yake inaskani bila mtandao, kwa milango yote, na haiwezi kudanganywa, ama hajui anachouza au anajua.

Ila kuna ujanja mzuri na ni wa bure kabisa. Zigaweni tiketi kabla. Tiketi za kijani zipite mlango A pekee, za njano mlango B pekee. Kila simu ibebe orodha ya rangi yake tu. Sasa hata mtandao ukizima mchana kutwa, nakala ya tiketi ya kijani haina pengine pa kwenda ila mlango A, na mlango A unakumbuka kwamba imeshapita. Hamjaivunja nadharia ya Brewer, mmeondoa tu haja ya milango kuwasiliana.

Kasi nayo ihesabuni. Tuseme watu 240 kati ya 300 wanafika nusu saa ya mwisho (tunajuana), yaani watu 8 kwa dakika. Kuskani mtu mmoja kwa sekunde 6 ni watu 10 kwa dakika, mlango mmoja unatosha ingawa umebana. Kutafuta jina kwenye karatasi zilizobanwa pini kwa sekunde 20 ni watu 3 kwa dakika: nusu saa ikiisha mmeingiza 90, na 150 wako juani. Na msikae karibu sana na mwisho wa uwezo. Hesabu za foleni, zilizoanzishwa na Mdenmaki Agner Krarup Erlang alipochapisha kazi yake kuhusu simu mwaka 1909, zinaonyesha kitu kinachoshangaza. Katika foleni ya aina rahisi, mlango ukitumika kwa asilimia 80 ya uwezo wake, kwa wastani kuna watu 4 mlangoni. Ukitumika kwa asilimia 95, ni watu 19. Mzigo umeongezeka kidogo tu, foleni imekua karibu mara tano.

Foleni za milangoni si usumbufu tu. Agosti 2025, wakati wa mashindano ya CHAN, CAF ilipunguza tiketi za uwanja wa Kasarani, Nairobi, hadi 27,000 baada ya watu wasio na tiketi kuingia kwa nguvu. Kujua ni watu wangapi wako ndani kwa dakika hii ni suala la usalama, na jedwali la kazi za kamati haliwezi kukuambia.

Hela inakaa kwa nani?

Majukwaa mengi hukata asilimia fulani ya bei na kiasi kisichobadilika kwa kila tiketi. Chukua makato ya mfano: asilimia 5 na shilingi 500. Kwa tiketi ya 10,000 inakatwa 1,000, ambayo ni asilimia 10. Kwa tiketi ya wanafunzi ya 2,000 inakatwa 600, yaani asilimia 30. Kwa hiyo jukwaa lilelile ni rahisi kwa kongamano na ni ghali kwa usiku wa mashairi. Linganisheni kwa bei yenu, si kwa asilimia iliyoandikwa kwa herufi kubwa.

Kubwa zaidi ni tarehe ya kulipwa. Ni kawaida jukwaa kuzishikilia hela mpaka tukio lifanyike, ili likiahirishwa wanunuzi warudishiwe. Ni haki kabisa kwa mnunuzi. Lakini mwenye ukumbi anataka malipo ya awali, na mpishi hawezi kwenda sokoni na ahadi. Kama bajeti yenu inategemea hela ya tiketi kulipia ukumbi, kujua siku ya malipo ni muhimu kuliko mambo mengine yote niliyoandika hapa.

Njia mbadala ni lipa namba ya chama: hela inaingia papo hapo na mnaiona. Gharama yake ni kazi. Mtu lazima alinganishe kila muamala na jina, na kwa watu 300, dakika moja kila mmoja, ni saa 5 za macho kwenye skrini. Tena alinganishe na taarifa ya akaunti yenyewe, kwa sababu ujumbe wa "imethibitishwa" unaoonyeshwa mlangoni unaweza kutengenezwa na mtoto wa kidato cha pili. Na iwe namba ya chama, tafadhali, si ya simu ya mweka hazina. Hata mweka hazina mwaminifu hustahili kulindwa dhidi ya maneno.

Tukio la bure lina mtego wake

Tuseme kiingilio ni bure na mnatoa tiketi tu za kujisajili. Wengine hawatakuja. Mkijua kwamba kila aliyejisajili ana uwezekano wa asilimia 70 kufika, mnaweza kusajili watu 400 kwa viti 300: mtegemee 280, na uwezekano wa kuzidi viti ni kama asilimia 1. Ongezeni watu 30 tu, wawe 430, na uwezekano huo unaruka hadi karibu nusu kwa nusu. Ndiyo maana "tuongeze kidogo, hawaji wote" ni sentensi ya hatari.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba kila mtu anaamua kivyake. Mvua ya Dar ikinyesha asubuhi, au mechi ya Simba na Yanga ikiangukia siku hiyo, wanabaki nyumbani kwa pamoja. Na ile asilimia 70 haitoki hewani, inatoka kwenye rekodi ya nani aliskaniwa mwaka jana. Fomu ya kujisajili inajua nani aliahidi. Mfumo unaoskani mlangoni unajua nani alifika. Kama tukio lenu ni la kila mwaka, hata la bure, hiyo pekee ni sababu ya kutumia tiketi.

Sasa tuchague

Kwa kongamano la mfano wetu ningechukua jukwaa la tiketi la hapahapa nchini, linalopokea pesa za simu na kulipa kwa shilingi, pamoja na lile jedwali la safu nne. Basi. Programu kubwa inayofanya kila kitu ningeiacha, maana kamati inalipia vitufe 100 na kubonyeza 6. Semina ya bure ya watu 60: fomu na jedwali, msijisumbue. Kongamano la siku tatu lenye mada zinazowasilishwa, wahakiki na kumbi nne kwa wakati mmoja ni habari nyingine. Hapo tazameni mfumo kama Indico, uliotengenezwa CERN na unaotolewa bure, maana umebuniwa na watu wenye makongamano ya namna hiyohiyo. Ipo pia pretix ya Ujerumani kwa upande wa tiketi, ambayo mnaweza kuiweka kwenye seva yenu. Ila jiulizeni nani ataitunza seva hiyo akishahitimu yule mmoja anayeielewa.

Kuhusu taarifa za watu, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2019. Jina na namba ya simu vinatosha kumwingiza mtu ukumbini. Namba ya kitambulisho cha taifa ya nini?

Mkishapunguza hadi majukwaa mawili, fanyeni jaribio la nusu saa. Tengenezeni tukio la uongo lenye kiti kimoja cha shilingi 500. Watu wawili wanunue kwa pamoja, kila mmoja na simu yake. Aliyepata atume picha ya skrini kwa mwenzake, kisha simu mbili za kuskani ziondolewe mtandaoni na wote wawili wajaribu kuingia, mmoja kila simu. Rudisheni mtandao, muone kama mfumo unawaambia kwamba tiketi moja imepita mara mbili. Mwisho ombeni kurudishiwa ile 500, na muanze kuhesabu siku.